Mti Utoao kwa Jeraha

Somo letu ni Mathayo 2:11, habari za mamajusi na zawadi zao tatu. Dhahabu twaijua. Je, uvumba na manemane ni nini?

Ni utomvu wa miti, wala si miti ya ng'ambo tu. Jamaa ya miti hiyo huota hapa Kenya, katika nchi kavu ya Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo. Ni miti mifupi yenye matawi makavu, na mgeni aweza kuipita bila kuitazama. Lakini wenyeji huithamini. Manemane hutiwa kidondani. Utomvu uitwao hagar huchanganywa na maji, mifugo ikaoshwa ili kuwafukuza kupe. Na huko pwani ubani huchomwa chetezoni, nyumba ikanukia.

Utomvu huo hutoka penye jeraha. Kaskazini mwetu mara nyingi hutoka wenyewe, katika nyufa na matundu ya wadudu, nao wachungaji huuokota. Oman na Somalia mvunaji hukwangua gome kwa kisu kidogo, matone meupe yakatoka, yakakauka, kisha akayakusanya. Jeraha la mti limekuwa dawa ya jeraha la mtu!

Lakini mti ukikatwa mno bila kupumzishwa hudhoofika, na mbegu zake nyingi hazioti. Mwaka wa 2019 wataalamu walionya juu ya aina moja ya mti wa uvumba iotayo sana Ethiopia: miche haikui, kwa sababu ya moto na malisho, na mavuno yaweza kupungua kwa nusu katika miaka 20.

Ndugu wapendwa, miti ya namna hiyo imo nyumbani mwetu na kanisani mwetu. Yuko binti mmoja aliyepata kazi mjini: karo yamwendea yeye, dawa yamwendea yeye, matanga yamwendea yeye. Yuko mwinjilisti anayehudumia makanisa matatu, na mshahara wake haujafika. Kwa kuwa hawalalamiki, twadhani hawaumii. Tumemwuliza lini binti huyo kama yeye mwenyewe amekula?

Mungu aliyeamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba hapendi mtoaji akamuliwe mpaka akauke. Yesu aliletewa manemane alipozaliwa, na Nikodemo akaleta manemane alipozikwa. Kati ya siku hizo mbili alijeruhiwa kwa ajili yetu, mara moja tu, na ikatosha. Basi asiwepo mwingine wa kutolewa dhabihu kwa haja zetu. Juma hili, mtafute mmoja anayetoa daima, umpunguzie mzigo.

Na tuombe. Ee Bwana, utufundishe kupokea kwa kiasi, na kuwapumzisha wanaotutunza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.