Neno "kama" lililoachwa

Mwaka 2011, kule Washington, Marekani, ilizinduliwa sanamu ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi aliyeuawa mwaka 1968. Wengine walinung'unika kwamba mchongaji ni Mchina, hilo tuliache. King alihubiri kwamba kama watu watataka kumwita kiongozi wa bendi, basi iwe kwa ajili ya haki na amani. Kwenye jiwe "kama" likaachwa, naye akaonekana anajisifu. Mshairi Maya Angelou akalalamika, na mwaka 2013 maneno yakafutwa.

Hapa kwetu mama mmoja alisema: kama hakuna usalama, sitarudi. Kwa chifu likafika "sitarudi" tu, shamba lake likagawiwa. Shamba hilo bado tunalidai.