Tumwulizie kwa Jina

Somo letu ni Marko 5:1-20.

Mwaka 1790, katika mji wa York, Uingereza, mjane aitwaye Hannah Mills alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa wa Kanisa la Marafiki, lile la ndugu zetu wa Kaimosi. Washiriki wenzake walipokwenda kumjulia hali walizuiwa mlangoni. Hazikupita wiki saba, akafa.

William Tuke, mfanyabiashara wa chai, aliwachangisha Marafiki, na mwaka 1796 wakafungua nyumba yao wenyewe. Humo minyororo haikutumiwa. Wagonjwa walilima bustani na kukaribishwa chai mezani. Na ile hospitali ya kwanza? Mwaka 1814 hakimu Godfrey Higgins alidai afunguliwe mlango mmoja. Watumishi wakasitasita kutafuta ufunguo. Ndani palikuwa na vyumba vichafu mno, na wanawake walilazwa humo usiku.

Yule mtu wa makaburini, watu walimfunga pingu. Bwana Yesu alimwuliza jina lake.

Wauguzi wengi wana huruma, tena wamelemewa na kazi. Lakini mgonjwa wa akili akipigwa usiku, asubuhi nani atamsadiki? Akina mama wetu hupeleka uji na sabuni kwa waliojifungua. Wodi ile nyingine twaipita. Twende na huko, tumwulizie ndugu yetu kwa jina, na tukizuiwa tuulize sababu.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke waliofungiwa usiku huu. Amina.