Neno "Kasumba": Maana na Matumizi Yake



Nimeombwa niseme machache hapa Nakapanya. Nimechagua neno moja: kasumba.

Kwa asili, kasumba ni afyuni. Mlevi wa afyuni husahau maumivu, lakini ugonjwa hubaki pale pale. Ndiyo maana baada ya Uhuru, hasa enzi za Azimio la Arusha la 1967, neno hili lilifaa sana kueleza mawazo aliyopandikizwa mtu mpaka akajidharau mwenyewe. Tukasema "kasumba ya kikoloni". Tukasema fulani "ametiwa kasumba".

Mfano tunao mkoani kwetu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipiganwa katika ardhi hii, na Nduna Songea Mbano akanyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mkoloni aliviita "uasi". Mjukuu wa waliopigana akilirudia neno hilo bila kujiuliza nani alimwasi nani, na katika nchi ya nani, hiyo ndiyo kasumba.

Siku hizi neno limepanuka. Tunasikia "kasumba ya kuchelewa kazini", yaani mazoea mabaya tu. Sina ugomvi na hilo, lugha hukua. Ninachokiogopa ni matumizi ya tatu, ambayo sisi watumishi wa serikali tunayasikia vikaoni: mtu akitoa hoja isiyopendeza, hajibiwi hoja, huambiwa ana kasumba. Hapo neno la kutuzindua linatumika kutulaza.

Wapo wasemao kwamba hata Siasa tuliyofundishwa shuleni ilikuwa kasumba. Tupime vipi? Waraka wa Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, wa Machi 1967, ulitaka mwanafunzi ajengewe akili ya kudadisi. Basi aliyeruhusiwa kudadisi alielimishwa. Aliyekaririshwa tu apate maksi alitiwa kasumba, hata kama maneno yenyewe yalikuwa ya kweli.

Wadogo zangu, mtaambiwa mengi, redioni, kwenye simu na majukwaani. Kila mara ulizeni: "Kwa nini? Nani ananufaika?" Anayekujibu anakuelimisha. Anayekukaripia kwa kuuliza, mwangalie vizuri. Huenda ana afyuni mfukoni.

Nami niulizeni vivyo hivyo. Muda wa maswali tunao.