Lori Likirudi Nyuma, Ni Nani Anayeangalia?

Tuliombwa tuzungumze juu ya usalama wa lori linaporudi nyuma. Labda kuna mwenzetu anayejiuliza: hayo si mambo ya madereva? Kikundi chetu hakina hata mkokoteni, yatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Hebu tuhesabu. Mchanga wa darasa uliletwa na lori. Kokoto na mawe ya tangi la maji vilikuja kwa lori. Mbolea, mahindi ya kuuza, miwa, majani chai kwenye kituo cha kununulia, yote hupanda lori. Na mara nyingi lori hilo likifika kwetu halipati nafasi ya kugeuka, basi hurudi nyuma. Huko barabarani liko mikononi mwa dereva na polisi wa trafiki. Likishaingia uwanja wa shule liko nyumbani kwetu, katikati ya watoto wetu, na sisi ndio tunaojua shimo la choo cha zamani liko wapi. Dereva hajui.

Tuanze na kile dereva anachoona, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Ukisimama nyuma ya lori unaliona lote, kwa hiyo unafikiri na wewe unaonekana. Huonekani. Nyuma ya dereva kuna bodi, na bodi ni ukuta. Anavyo vioo vya pembeni, saiti mira, na kila kimoja humwonyesha ubavu wa lori na kipande cha ardhi kando yake. Pale katikati, nyuma kabisa ya bodi, vioo hivyo havifiki. Mtoto akiinama pale kuokota mpira, kwa dereva ni kama hayupo. Basi mkisahau mengine yote ya leo, mbaki na hili: kama huoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni wewe.

Jambo la pili. Hapa Kenya dereva hukaa upande wa kulia. Lori likirudi na mkia ukaelekea kulia, anaweza kutoa kichwa dirishani akautazama mkia wenyewe unavyokwenda. Ukielekea kushoto, upande wa utingo, anabaki na kile kioo cha mbali tu. Na kama lina trela, kioo hicho hujaa ubavu wa trela, na kile cha kulia kinamwonyesha shamba la jirani! Hapo anarudi kama kipofu. Kwa hiyo anayechagua mahali pa kumwaga mchanga achague, ikiwezekana, mahali ambapo mkia utaingia kwa upande wa dereva. Hilo halina gharama yoyote, ni kufikiri kidogo kabla ya kupiga simu.

Tena kuna pua. Watu wote hutazama nyuma, na huku pua ya lori inafagia upande wa pili. Mkia ukienda kulia, pua huenda kushoto. Mtu aliyesimama kati ya kabini na ukuta, labda amekuja kumsalimia utingo, hubanwa hapo bila mtu kumwona.

Sasa tuje kwa kelele. Sote tunajua inavyokuwa. Lori limechelewa, limefika jioni, na kila mtu amekuwa mwelekezi. Mzee anapaza, "Kuja, kuja, kuja!" Kijana wa upande ule, "Kata! Kata yote!" Mama kutoka jikoni, "Wewe, utabomoa choo!" Mwingine naye, "Bado, bado, iko nafasi!" Dereva ana masikio mawili na injini ya dizeli inanguruma. Atamsikia nani? Atamsikia mwenye sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa si lazima awe ndiye anayeona.

Mwelekezi awe mmoja. Tunasema mmoja, si mmoja na msaidizi wake. Utingo anafaa zaidi kama yupo, kwa kuwa amezoeana na dereva na anajua lori linahitaji nafasi gani. Lakini utingo hajui uwanja wetu. Kwa hiyo mwanakikundi mmoja awatembeze yeye na dereva kwa miguu, awaonyeshe shimo, bomba la maji, udongo uliojazwa juzi, waya wa stima na tawi la mwembe, halafu ajiondoe. Wengine wote wanyamaze. Neno moja tu ndilo ruhusa kwa kila mtu, hata mtoto: "Simama!" Dereva akilisikia, asimame kwanza ndipo aulize. Hata likisemwa bure mara tano kwa siku, tumepoteza dakika tano.

Na haya maneno "kulia" na "kushoto" yametuletea shida nyingi. Kushoto ya nani? Mwelekezi aliye nyuma ya lori akitazama kabini, kulia kwake ni kulia kwa dereva. Akigeuka kutazama ukuta nyuma yake, zimebadilishana. Tena, anataka usukani ukatwe kulia au mkia uende kulia? Kwa lori la kawaida, wakati wa kurudi, ni mamoja. Kwa trela ni kinyume kabisa: usukani ukikatwa kulia, mkia wa trela huenda kushoto. Sisi tunapendelea kusema "mkia kwa dereva" na "mkia kwa utingo". Hapo hakuna wa kukosea. Na ishara za mikono zipatane kabla injini haijawashwa. Mikono miwili juu, viganja wazi, iwe ni kusimama.

Mwelekezi asimame wapi? Nyuma, kwa mshazari, upande wa dereva, nje ya njia ya lori, kama hatua 10 hivi, mahali anapoona mkia na uso wa dereva kiooni kwa wakati mmoja. Asitembee kinyumenyume mbele ya mkia unaomfuata. Kisigino kikipata jiwe, ameanguka na gurudumu linakuja. Akitaka kuhama, asimamishe lori, ahame, kisha aendelee. Na dereva akimpoteza mwelekezi kiooni, hata kwa nukta moja, asipunguze mwendo tu. Akanyage breki, asimame kabisa mpaka amwone tena.

Tungependa kulikemea jambo moja ambalo limekuwa kama desturi kwetu huku milimani. Lori linapanda au linarudi kwenye mteremko, na utingo anakimbia nyuma ya gurudumu na jiwe au gogo mkononi, tayari kulitupa lori likiteleza. Watu humsifu kwamba ni shujaa. Huyo kijana ana mama yake. Kigingi huwekwa lori likiwa limesimama na handibreki imevutwa, na anayekiweka akae ubavuni, si nyuma ya gurudumu. Kama lori haliwezi kushikwa na breki zake pale mlimani, mchanga umwagwe chini na sisi tuubebe kwa karai. Tumeshabeba mingi.

Ninyi madereva, haya ni yenu. Kabla ya kutia gia ya nyuma, shuka uone. Handibreki, kisha zunguka lori lote kwa miguu, utazame chini, nyuma na juu. Teremsha dirisha, zima redio, simu iwe mbali. Piga honi, ngoja kidogo, ndipo uanze, kwa mwendo wa ajuza anayekwenda sokoni. Ukisimama katikati ili kubishana juu ya bei, mzunguko wako wa kwanza umekufa. Zunguka tena, maana dakika mbili zinamtosha mtoto kuingia chini ya bodi. Siku hizi malori mengine yana king'ora cha kurudi nyuma, na mengine yana kamera. Ni vitu vizuri. Lakini king'ora huwafanya watoto waje kutazama badala ya kukimbia, na kamera ikipakwa tope la barabara zetu wakati wa masika haionyeshi kitu. Kioo kilichovunjika nacho kisingoje mwisho wa mwezi. Kikundi chenye lori lake kinunue kioo kabla ya kugawana faida.

Sasa kamati. Tunajua madereva wengi hulipwa kwa safari, na kila dakika anayongoja kwetu ni pesa inayompotea. Tukimpigia kelele aharakishe, tunamsukuma afanye yale tunayoyakataza. Kwa hiyo tukipatana bei, tupatane na muda, na tumweleze mapema lori litaingilia wapi na kutokea wapi. Njia iliyo bora ni ile isiyotaka kurudi nyuma kabisa: kama ua unaweza kufunguliwa upande wa pili, lori liingie hapa na kutokea pale. Siku moja ya kung'oa vigingi vya ua inatosha. Ikishindikana, lirudi nyuma likiingia na litoke kwa pua. Wakati wa kuingia dereva ametoka tu kutazama uwanja. Wakati wa kutoka watu wamejaa, watoto wameshatoka darasani, na yeye ana haraka. Na kamwe asirudi nyuma kuingia barabara kuu.

Kwenye vituo vya majani chai hali ni ngumu zaidi, na tungetaka mlifikirie pale penu. Lori la kiwanda hufika jioni, pengine mvua inanyesha, na akina mama wamejifunika makaratasi kichwani, hawasikii vizuri. Kila mmoja anataka majani yake yapimwe kwanza. Lori likianza kurudi, wao husogea kulifuata, wengine wakiwa nyuma ya mkia kabisa na vikapu mgongoni. Hapo kamba moja inaweza kuokoa maisha. Ifungwe kati ya miti miwili kabla lori halijafika, watu wote wabaki nyuma yake, na isifunguliwe mpaka injini izimwe. Karani anayehesabu mizigo naye akae ng'ambo ya kamba. Daftari halimkingi mtu na gurudumu.

Kwa tipa tutasema machache. Lisimwage kwenye mteremko wa ubavu wala chini ya waya wa stima, na lisiondoke bodi ikiwa bado iko juu. Watu wakae mbali zaidi kuliko urefu wa hiyo bodi ikiinuliwa.

Na ikitokea ajali? Kosa linalofanyika ni dereva kushtuka na kupeleka lori mbele, akamkanyaga mtu mara ya pili. Azime injini, avute handibreki, aweke vigingi, atazame kwanza chini. Majeruhi apelekwe hospitali. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame na kujitambulisha. Asipofanya hivyo pale pale, aripoti polisi upesi, isizidi saa 24. Lakini atasimamaje ikiwa anajua kijiji kitampiga? Dereva anayeogopa kupigwa hukimbia, na akikimbia, gari la kumpeleka mtoto hospitali ndilo limekimbia naye. Wazee wa vikundi walipatane hili kabla, siyo siku ya kilio.

Tumesema ya kutosha. Sasa tutoke nje. Dereva mmoja amekubali kutuazima lori lake hapo chini ya mti. Limezimwa, vigingi viko, na ufunguo anao mwenyekiti. Tumepanga mitungi ya lita 20 nyuma yake, miwili miwili imebebana, karibu kimo cha mtoto mdogo. Kila mmoja apande kabini, hata akina nyanya tutawashika mkono, akae kwenye kiti cha dereva, atazame vioo vyote, kisha amwambie karani ameona mitungi mingapi. Usimwambie jirani yako jibu. Watoto wabaki huku na mwalimu wa chekechea mpaka tumalize.