Kijana Aliyetumwa na Wazee Waliompokea

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa makatibu wapya wa matawi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya kazi ya kwanza ya kijana katika uongozi. Tunashukuru kwa heshima hiyo. Lakini yatupasa tuseme mapema kwamba hatukusimama hapa kwa sababu kazi yetu ya kwanza tuliifanya vizuri. Tumesimama kwa sababu tuliiharibu, na wazee wakaitengeneza. Aliyejikwaa ndiye anayejua jiwe lilipo.

Kwanza tuitazame historia yetu, maana kijana anayedhani uongozi umeanza siku aliyopewa barua yake amepotea kabla hajaondoka nyumbani. Mwezi wa Aprili 1953 chama cha TAA kilimchagua mwalimu mmodi wa Pugu kuwa Rais wake. Julius Nyerere alikuwa kijana wa miaka 31, amerudi Edinburgh mwaka uliotangulia, wala mji wa Dar es Salaam haukuwa mji wake. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU, naye akaiongoza. Sisi leo twasema jambo hilo upesi upesi, kana kwamba lilikuwa jepesi. Halikuwa jepesi. Mtu wa kutoka Butiama, aliyesoma mbali, atawezaje kusimama Mnazi Mmoja na watu wa Kariakoo na Ilala wamsikilize?

Wazee ndio waliomshika mkono. Mzee John Rupia akawa Makamu wake, akatoa mali yake. Mzee Mshume Kiyate, mtu wa biashara ya samaki sokoni Kariakoo, akamsaidia pamoja na jamaa zake wakati wa dhiki. Likawako Baraza la Wazee wa TANU, watu waliokuwa wanajua kila mtaa na kila ukoo, wanajua nani aendewe mchana na nani aendewe usiku. Kijana alikuwa na elimu na ulimi, wazee walikuwa na watu. Mwezi Machi 1955 alipokwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, alisafiri kwa michango ya wananchi. Aliporudi ikambidi achague baina ya ualimu na siasa. Akauacha ualimu, na mshahara wake akauacha huko huko.

Mwaka ule ule wa 1955 Bibi Titi Mohamed, naye bado hajatimiza miaka 30, alipewa kazi ya kuwaingiza akina mama katika chama. Hakuanza kwa kuwakusanya wanawake asiowajua mbele ya meza. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, alikokuwa akijulikana kwa uimbaji wake, akazungumza na viongozi wa vikundi hivyo. Hao ndio waliokuwa wazee wa mambo yale. Maelfu ya wanawake wakakata kadi.

Tunayataja haya ili mjue ya kuwa kijana kuwekwa chini ya wakubwa si kudharauliwa. Hata jeshini, ofisa mpya akitoka chuoni na nyota yake begani hupewa platuni ambayo ndani yake mna sajini aliyemzidi umri na kazi. Ofisa ndiye mwenye amri. Lakini ofisa mwenye akili, kabla ya kutoa amri yake ya kwanza, humuuliza sajini.

Sasa tuje kwetu.

Tulikuwa na miaka 24, tumetoka chuo cha ualimu, tulipotumwa kuwa katibu wa tawi moja la pwani ya kusini, katika nchi ya minazi na mikorosho. Tulikuwa na mkoba mpya, muhuri, na barua yenye jina letu. Mwenyekiti wa tawi alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Alitupokea barazani kwake, akatupa kahawa, akaisoma barua yetu mara mbili, akasema, “Karibu, mwanangu. Juma hili usifungue ofisi. Utafuatana nami kuamkia watu.”

Basi tukazunguka siku sita, nyumba kwa nyumba, shikamoo kwa shikamoo, habari za mgonjwa, habari za mvua, habari za mkorosho uliopata ugonjwa. Mioyoni tulinung'unika. Tuliona wakati wa Chama unapotezwa. Kumbe mzee alikuwa anatupa kitabu cha kwanza cha kazi, nasi tulikuwa tunatazama saa.

Katika mwezi wa tatu wa kazi yetu, yaani Septemba, ikaja barua ya wilaya kutaka hesabu za ada katika muda wa siku kumi. Tukafungua kitabu cha stakabadhi. Tukakuta stakabadhi 140 zimekatwa, kila moja ya shilingi 1,000. Tukafungua kisanduku. Mlikuwa na shilingi 96,000. Shilingi 44,000 hazikuwamo.

Mweka hazina alikuwa mzee mmoja mpole, fundi wa kushona, aliyekuwa amekishika kisanduku hicho kwa miaka mingi. Siku hiyo hakuwapo, alikwenda mazikoni kijiji cha pili. Pamoja na kisanduku tulikuta daftari lake kuukuu, limejaa maandishi ya Kiarabu. Tukalifunua, tukaliweka kando, tukasema hivi ni visomo vyake vya chuoni.

Hatukungoja arudi. Hatukumwendea Mwenyekiti. Jumapili palikuwa na mkutano wa wanachama, nasi tukasimama na karatasi yetu yenye mistari mizuri, tukasema mbele ya watu kwamba fedha za Chama zimeliwa, na kwamba mweka hazina hana hesabu ya aina yoyote. Tulisema hayo mzee mwenyewe amekaa mbele yetu. Hakujibu neno. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Ndugu zetu, ukimya wa siku ile hatujausahau. Kisha akainuka mama mmoja, kiongozi wa akina mama wa tawi, akaiweka kadi yake mezani. Nyuma yake wakafuata wengine. Jioni tulihesabu kadi 27. Tawi lililojengwa na watu kwa miaka mingi tulikuwa tunalibomoa kwa saa moja, tena huku tunadhani tunalitumikia.

Usiku, baada ya sala ya Isha, Mwenyekiti akatuita. Tulitazamia ukali. Hakuwa mkali. Alikuwa na lile daftari mkononi. Akauliza, “Mwanangu, hili uliliona?”

Tukajibu, “Tuliliona, babu, lakini hatujui kulisoma.”

Akasema, “Hukujua kulisoma, ukasema halina kitu.”

Kisha akatusomea. Ilikuwa ni Kiswahili, Kiswahili chetu hiki hiki, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu wa pwani walivyokiandika kwa karne nyingi. Mlikuwamo majina 44. Watu hao walikatiwa stakabadhi kabla ya kutoa fedha, kwa shauri la kamati yenyewe ya tawi, kwa ahadi ya kulipa korosho zikiuzwa. Mbele ya kila jina palikuwa na siku ya ahadi na jina la shahidi. Hapakupotea hata senti. Majina matatu yalikuwa ya watu waliokwisha kufa. Pembeni mwa majina hayo mzee alikuwa ameandika: nitalipa mimi, wasiulizwe wajane.

Hatukulala. Sisi tuliojiita wasomi tulikuwa ndio tusiojua kusoma.

Alfajiri tulimwambia Mwenyekiti kuwa tutakwenda kwa mzee kumwomba radhi. Akatuzuia. Akasema, “Ulimtukana wapi?” Tukasema, mkutanoni. Akasema, “Basi na radhi yake iko huko. Ukimwomba radhi chumbani umejisafisha wewe, yeye bado ana tope.” Jumapili iliyofuata tukasimama pale pale, mbele ya watu wale wale, tukasema tumekosa, tukaeleza tulivyokosa, na kamati ikayasoma majina yote isipokuwa yale matatu. Mwenyekiti alisimama pembeni yetu tangu mwanzo hata mwisho. Hakusema kwa niaba yetu, wala hakutuacha peke yetu. Huo ndio ulezi.

Kadi 19 zilichukuliwa siku ile. Kadi nane hazikuchukuliwa tena. Hatutaki kuwaficha: kosa la kiongozi huweza kusamehewa lisirudishe kila kitu. Korosho zilipouzwa, watu 41 walilipa wote, na mzee akalipa za wale watatu kutoka mfukoni mwake. Hakukubali kukishika kisanduku tena. Lakini alikubali kukaa na mweka hazina mpya mpaka alipoijua kazi, na sisi akatufundisha herufi zake, jioni kwa jioni, barazani pake, cherehani ikiwa kando.

Kutokana na hayo tunawapa vijana wenzetu maneno matatu.

La kwanza, usihukumu kitabu usichoweza kukisoma. Kila tawi lina daftari lake, na mara nyingi halikuandikwa kwa wino. Liko katika vichwa vya wazee na akina mama. Uliza kwanza.

La pili, kuheshimu wazee si kunyamazia kosa. Kukata stakabadhi kabla ya kupokea fedha haikuwa sawa, na baadaye tuliiambia kamati hivyo. Tulipolisema kwa adabu, ndani ya kikao, pamoja na kuonyesha njia bora, wazee walilikubali siku ile ile. Kura tatu zilipoigawanya TANU katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere hakuwanyamazia waliotaka kuususia uchaguzi, wala hakuwatukana. Aliwashawishi kwa hoja, na mkutano ukakubali kuingia.

La tatu, ukikosa, rudi mapema. Kosa halingoji, humea kama magugu wakati wa masika.

Na kwenu wazee wetu, kwa heshima zote, tuna neno moja. Msimpe kijana kazi ya kubeba viti tu, halafu mkashangaa kuwa hajui kuongoza. Mpeni kazi ya kweli, yenye uzito, anayoweza kuiharibu. Kisha msimame pembeni yake, kama alivyosimama yule Mwenyekiti. Kama angetushtaki wilayani usiku ule, tungefukuzwa kwa haki, na Chama kingepata adui mwenye elimu. Kama angetufichia, Chama kingepata kiongozi mwenye kiburi. Yeye aliichagua njia ya tatu, nayo ni ngumu kuliko hizo mbili.

Ninyi mnaoondoka wiki ijayo, mtakuta wazee barazani. Mtapewa kahawa. Mtaambiwa msifungue ofisi mpaka mmeamkia watu. Tafadhalini, kunyweni kahawa hiyo, na saa zenu ziwekeni mfukoni.

Umoja ni nguvu.