Darsa ya Ramadhani: Tuziweke Simu, Tutembeleane

Maandishi ya darsa iliyotolewa baada ya sala ya alasiri, Pinetown, Durban

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Wapo waliofunga nasi mwaka jana ambao mwaka huu wamelala makaburini. Tunamwomba Mola awarehemu, nasi atujaalie tuumalize mwezi huu tukiwa bora kuliko tulivyouanza.

Leo tumeazimia kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu ameingia nalo humu msikitini, limo mfukoni au mkobani mwake. Tunakusudia simu zetu, na hasa hii mitandao ya kijamii iliyomo ndani yake.

Hatutasema kwamba mitandao ni haramu. Hilo si neno letu wala si mada yetu. Neno letu ni moja tu: ipo haki ya mja juu ya mja ambayo haiwezi kutumwa kwa simu, na mitandao imetuzoesha kudhani kwamba tumekwisha kuitekeleza.

Ndugu zetu, tutazame kwanza jinsi Qurani yenyewe ilivyotufikia. Ibn Abbas, Mungu amwie radhi, amesimulia katika Sahihi Bukhari kwamba Jibril alikuwa akikutana na Mtume (S.A.W.) kila usiku wa Ramadhani, wakidurusiana Qurani. Na imepokewa kwamba katika mwaka aliofariki Mtume, waliidurusu mara mbili. Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kila jambo, wala hahitaji mjumbe wa kumtembeza. Hata hivyo alitaka malaika aje, akae na Mtume, mmoja asome na mwenzake asikilize. Basi Ramadhani tangu asili yake ni mwezi wa kukutana.

Masahaba walilifahamu hilo. Jabir bin Abdullah alipata habari kwamba kule Sham yupo mtu aliyeisikia hadithi moja kwa Mtume, hadithi ambayo yeye hakuisikia. Akanunua ngamia, akasafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka nyumbani kwa Abdullah bin Unays ili aisikie kinywani mwake. Hakutosheka na kuambiwa na watu. Sisi leo, kutoka mtaa mmoja wa Pinetown hadi mtaa mwingine, mwendo wa dakika kumi, tunaona ni safari.

Sasa tusimulie yaliyotufika sisi wenyewe. Mwenye kisa hiki ni mzee wetu, yupo hapa katika safu ya mbele, naye ameturuhusu tukieleze bila ya kumtaja jina.

Katika mwezi wa Shaaban mzee huyu aliandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba hajisikii vizuri na kwamba anaomba dua. Majibu yalimiminika. Tulipoyahesabu baadaye, yalikuwa sitini na nne. Wako walioandika dua ndefu, wako waliotuma picha ya mikono iliyoinuliwa, wako waliotuma picha ya moyo. Na sisi tunaozungumza nanyi hapa tulikuwa miongoni mwa walioandika, kisha tukaendelea na shughuli zetu huku nyoyo zimetulia kama waliokwisha kumjulia hali mgonjwa.

Zikapita siku nane. Siku ya tisa kijana mmoja alikwenda kumrudishia mzee pasi aliyoiazima. Alimkuta amelala sakafuni, homa imempanda, na tangu juzi yake hakuwa ametia kitu tumboni isipokuwa maji. Kijana akatafuta gari, akampeleka hospitali, na kwa rehema ya Mungu mzee akapona. Tulipokwenda kumtazama, hakutulaumu. Alisema, "Wanangu, dua zenu nilizisoma zote. Lakini nilikuwa nangoja mlango ugongwe."

Ndugu zetu, watu sitini na wanne. Na mlango haukugongwa.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tuliikumbuka hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamuuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atashangaa, amzuru vipi naye ni Mola wa viumbe vyote? Ndipo atakapoambiwa kwamba mja fulani aliugua naye hakwenda kumwona, na lau angekwenda angemkuta Mola wake pale. Tuzingatie: swali ni la kuzuru. Tukiulizwa sisi, tutajibu kwamba tulituma picha ya moyo?

Wapo watakaosema: Imamu, simu hii ndiyo inayotuunganisha na kwetu. Na wamesema kweli. Jamaa zetu wako Tanga na Mombasa, wako Unguja, wako Uvira na Bukavu ambako vita vimewatawanya watu. Mama aliyezeeka anapoisikia sauti ya mwanawe, hiyo ni kuunga udugu, na kuunga udugu ni ibada. Nani asiyekumbuka Ramadhani ya mwaka 2020, misikiti ya nchi hii ilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, tukasali tarawehe majumbani? Siku zile simu ilitufaa sana.

Kwa hiyo tupambanue. Kumpigia mama simu ni jambo moja. Kukaa saa tatu tukitazama maisha ya watu tusiowajua ni jambo jingine. Simu inayomkaribisha aliye mbali ni neema. Simu inayomweka mbali aliye karibu ni hasara. Mzee wetu alikuwa karibu.

Liko na dhara la pili, nalo lagusa saumu yenyewe. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Wahenga wetu walisema ulimi hauna mfupa. Kidole nacho sasa kimekuwa ulimi. Mtu amefunga, hajala wala hajanywa, na tangu alfajiri mpaka magharibi amepeleka mbele habari ambayo hakuihakiki, au ameicheka picha ya mwenzake. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na aya ya 12 ya sura hiyo hiyo imefananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Ni ajabu kwa mtu kufunga kula mkate akafungulia nyama ya ndugu yake.

Sisi wakaao KwaZulu-Natal hatuhitaji mifano ya mbali. Katika machafuko ya Julai 2021, yaliyoua watu zaidi ya 300 katika jimbo hili na Gauteng, simu zetu zilijaa jumbe za usiku kucha: wanakuja huku, wamechoma kule. Mengine yalikuwa kweli, mengine yalikuwa hofu tupu iliyovishwa nguo ya habari. Na sisi wageni katika nchi hii tunajua vizuri kuliko wengi kwamba neno moja la uvumi laweza kumleta mtu mwenye rungu mlangoni. Basi inakuwaje tuusambaze uvumi juu ya wengine?

Kisha ikaja Aprili 2022. Mafuriko yale yalitukuta ndani ya Ramadhani. Mvua ilinyesha usiku na mchana, udongo ukaporomoka, nyumba zikachukuliwa na maji, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha katika jimbo hili. Umeme ulipokatika na simu zikazimika, hapakuwa na wa kumtumia ujumbe. Palikuwa na jirani, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, na kila mmoja alikuwa na mikono yake tu. Kuna waliofuturu siku hizo kwa maji na mkate waliopewa na majirani ambao hata majina yao walikuwa hawayajui. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ya shida, mtu huokolewa na aliye karibu naye.

Tena katika mji wetu wa Durban tunao mfano mkubwa kuliko huo. Wengi wetu twausikia Uzanzibari wa Durban bila kujua asili yake. Mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, watu zaidi ya 100 waliookolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi ya watumwa walishushwa hapa bandarini. Wengine walifuata katika miaka iliyokuja. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walitokea Zanzibar wakaitwa Wazanzibari. Hawakuja na mali. Hawakuwa na njia ya kupeleka hata salamu kwa mama waliowaacha. Walipewa kazi za mkataba chini ya serikali ya kikoloni.

Baadaye wakakaa Kings Rest, kule Bluff, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini Waislamu. Hapo wakaswali pamoja, wakaozana, wakauguzana, wakazikana, wakawafundisha watoto dini na lugha ya wazee wao. Serikali ya ubaguzi ilipowahamisha kwa sheria ya kutenga makazi katika miaka ya 1960, walihamia Chatsworth pamoja na dini yao na lugha yao. Leo, baada ya miaka 150 na zaidi, wazao wao wangalipo, ni Waislamu, na wamo wanaokijua Kimakua. Tujiulize ni kitu gani kilichowahifadhi. Hawakuwa na kundi la WhatsApp. Walikuwa na nyumba zilizokaribiana na milango iliyogongwa.

Na sisi wenye simu mbili mbili, tutawaachia nini watoto wetu? Mtoto hajifunzi Kiswahili wala adabu kwa kumwona baba yake ameinamia kioo. Hujifunza anapokaa na wageni, akaagizwa alete maji, akasikia wazee wakisalimiana, akajua yupi wa kuamkiwa shikamoo. Mtoto asiyepata kukaa katika baraza ya wakubwa atakuwa mgeni hapa na mgeni kwao.

Ndugu zetu, darsa isiyokuwa na tendo ni upepo. Baada ya kushauriana na viongozi wa jumuiya, tunausia mambo manne.

Kwanza, tangu usiku huu mpaka siku ya Idi, kundi letu la WhatsApp litakuwa la matangazo peke yake: ugonjwa, msiba, nyakati za sala na mahitaji ya watu. Anayetaka mazungumzo, aje kwenye futari.

Pili, mwenye kuweza aziondoe kabisa katika simu yake programu za mitandao kwa siku zilizobaki, abakishe kupiga simu tu. Sisi wenyewe tumekwisha kuziondoa tangu Shaaban. Siku tatu za mwanzo mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, kama mkono wa mvuta sigara. Ukiona hivyo usivunjike moyo. Ujue tu ni kitu gani kilichokuwa kikikutawala.

Tatu, katika futari ya pamoja patakuwa na kikapu mlangoni. Simu zitalala humo mpaka baada ya magharibi. Madaktari, wauguzi na wenye wagonjwa nyumbani wana udhuru wao. Tukae, tumtazame anayetupa tende, tumuulize habari za watoto wake, kisha tungoje jibu.

Nne, na hili ndilo kubwa: jina la kila mgonjwa na kila mzee anayekaa peke yake litaandikwa katika daftari lililopo kwa katibu. Watu wawili wawili watapangiwa kumtembelea. Mwenye kutaka kuandika dua katika kundi, asizuiwe, lakini aiandike baada ya kurudi kwa mgonjwa. Kina mama watawapangia kina mama. Na vijana tunawaomba mbebe jambo hili, kwa maana kijana mmoja mwenye pasi ya kuazima alifanya tuliyoshindwa sisi sitini na wanne.

Zimebaki siku chache kuingia kumi la mwisho, na wako watakaokaa itikafu. Itikafu ni kujitenga na shughuli za dunia ili kumwelekea Mola. Anayeingia itikafu na simu iliyofunguliwa, ameubeba ulimwengu wote akauingiza naye ndani ya msikiti.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa kila mlango tulioupita bila ya kuugonga. Waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, wahifadhi jamaa zetu walio mbali na majirani zetu walio karibu. Zilinde ndimi zetu na vidole vyetu, na uzikubali saumu zetu. Utujaalie watoto watakaotukumbuka kwa nyuso zetu. Amin.

Tunapotoka hapa, kabla ya kuwasha simu, kila mmoja ampe mkono aliye kulia kwake na aliye kushoto kwake, na amuulize anakaa wapi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.