Nani Apewe Cheti? Kuwatambua Wanaojenga Usawa Kazini



Kila Mei Mosi tunawapigia makofi wafanyakazi hodari. Jina linasomwa, mtu anapita mbele, anapokea cheti na bahasha, mwaka mwingine jokofu. Vigezo vinafahamika: anawahi kazini, hana barua ya onyo kwenye faili, anaelewana na bosi (hiki cha mwisho hakiandikwi popote). Ni nadra kuulizwa amewawezesha wenzake wangapi kufanya kazi.

Ninapendekeza basi tuwatuze pia wanaojenga usawa kazini. Hata hivyo, tuzo za namna hiyo zina hatari yake, maana ni rahisi kumtuza mtu kwa kutimiza sheria tu. Nchini Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Ile ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka asilimia 3 ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu, pale mwajiri anapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Hayo ni madeni, na anayelipa deni hashangiliwi.

Wa kushangiliwa ni yule anayeitoa sheria kwenye karatasi. Chukueni kiwanda cha nguo. Mama ana saa zake 2, lakini akiondoka kwenye cherehani mzigo unawaangukia wenzake, naye anaona haya kuomba. Msimamizi wa zamu anayepanga mapema mtu wa kumshikia nafasi, bila manung'uniko na bila kumpunguzia mama huyo alama za mwezi, ndiye ninayemsema. Mwingine ni ofisa utumishi anayefuta sharti la leseni ya udereva kwenye tangazo la kazi ya mezani, sharti linalomfungia mlango asiyeona. Kazi za namna hii hazionekani kwenye ripoti ya uzalishaji. Pengine wiki ya kwanza zinaishusha.

Kwa hiyo jina lisitoke kwa mkuu wa idara. Litoke kwa walionufaika, kwa kura ya siri, kupitia tawi la chama cha wafanyakazi. Na siri hiyo iheshimiwe hadi mwisho: anayeishi na VVU asilazimishwe kusimama ukumbini kumshukuru aliyemtetea, wala mwenye ulemavu asiitwe mbele ili picha ipendeze.

Kuhusu zawadi sitabishana sana. Ninalolipigania ni kumbukumbu. Katika utumishi wa umma, ambako utendaji sasa hupimwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, msimamizi aliyetumia siku kadhaa kupanga upya zamu aruhusiwe kuziandika kama kazi, na zihesabiwe anapofikiriwa kupandishwa cheo.